Nusu marathoni ya Moshi kwa mtu wa Dar: wiki 12 za mbio na jiko

Kila mwishoni mwa Februari maelfu ya watu huelekea Moshi kukimbia Kilimanjaro Marathon, mbio zilizoanza mwaka 2003. Wengi hawaendi kwa ajili ya kilomita 42. Wanakwenda kwa nusu yake, kilomita 21.1. Unaanzia Chuo Kikuu cha Ushirika, unapanda kuelekea Mweka katikati ya migomba na mibuni, unageuka, unashuka kurudi mjini. Kwa maneno mengine, nusu ya kwanza ni mlima na nusu ya pili ni mteremko.

Watu wa Pwani wakifika pale huogopa hewa ya Kilimanjaro. Haina shida. Moshi mjini ni mita mia nane na ushee tu juu ya usawa wa bahari, na unapogeukia si mbali sana juu ya mita 1,000. Kinachowamaliza ni mapaja, kwa sababu wamezoea tambarare ya Coco Beach, na tumbo, kwa sababu wamekula vibaya siku mbili za mwisho. Na hapo kwenye kula ndipo ninapotaka kukushika mkono zaidi, maana kuna jambo halisemwi vya kutosha: dona, maharage na mchicha vinavyokujenga kwa wiki 11 ndivyo hivyohivyo vitakavyokutoa barabarani kutafuta choo ukivila usiku wa kuamkia mbio.

Kabla ya kuhesabu wiki

Programu hii inamfaa mtu anayeweza kukimbia kilomita 5 bila kusimama, hata kama ni polepole sana. Hujafika hapo? Anza Oktoba: dakika moja kukimbia, mbili kutembea, mara kumi, siku tatu kwa wiki, huku ukirefusha dakika za kukimbia kidogokidogo. Ukiwa umevuka miaka 40, au una presha au kisukari, au kwenu yupo aliyefariki ghafla kwa moyo akiwa kijana, nenda kapimwe kwanza.

Chukua kalenda, weka alama kwenye siku ya mbio, rudi nyuma wiki 12. Utaangukia mwanzoni mwa Desemba. Maana yake ni kwamba mazoezi yako yote yatakuwa kwenye miezi ya joto na unyevu mbaya kabisa ya Dar, kwa hiyo saa 11 alfajiri uwe umeshafunga kamba za viatu. Saa moja na nusu asubuhi jua la Januari tayari linauma. Na Krismasi na mwaka mpya vitakuwa katikati ya programu; kula pilau yako kwa amani, ila Jumapili inayofuata usiikwepe.

Raba: si lazima mpya. Mitumba ya Karume ina raba nzuri za mbio ukijua kuchagua. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu na imejaa mikunjo kama ya karatasi, imekufa, hata kama juu inang'aa. Acha nafasi ya upana wa kidole mbele ya dole gumba la mguu, maana kwenye mteremko wa Mweka vidole vitasogea mbele na kucha zitageuka nyeusi.

Wiki inavyokaa

Siku nne za kukimbia zinatosha mtu mwenye kazi na familia. Jumanne dakika 40 polepole. Alhamisi milima. Jumamosi dakika 30 polepole. Jumapili mbio ndefu. Jumatano fanya robo saa ya nguvu sebuleni: kuchuchumaa na kuinuka, kusimama kwa ncha za vidole ukingoni mwa ngazi na kushusha visigino taratibu, kulala kifudifudi ukijiinua kwa viwiko kwa sekunde 40. Jumatatu na Ijumaa ni za kupumzika, na kupumzika si kucheza mpira wa mtaani dakika 90.

"Polepole" ina kipimo chake: uweze kumsimulia mwenzako jambo kwa sentensi nzima bila kukatika pumzi. Klabu za jogging za mitaani wana kipimo kizuri zaidi bila hata kujua, kwa sababu wanaimba. Ukiona kundi linaimba na wewe huwezi kuitikia, mwendo wako ni wa kasi mno kwa siku hiyo. Watu wengi hukataa hili. Wanaona aibu kupitwa. Lakini mbio za polepole ndizo zinazokuza mishipa midogo ya damu kwenye misuli na kuufundisha mwili kuchoma mafuta, na mifupa na kano hupata muda wa kuzoea. Ukikimbia kwa kasi kila siku, pumzi itatangulia na kano zitabaki nyuma. Ifikapo wiki ya sita utakuwa unachechemea.

Mbio ndefu za Jumapili zipande hivi, kwa kilomita: 8, 10, 11, kisha ushuke 8, halafu 12, 14, 15, ushuke 11, halafu 17, 19, wiki ya 11 ni 13 tu, ya 12 ni Moshi. Kushuka kila wiki ya nne si uvivu, ndipo mwili unapojijenga. Na huhitaji kukimbia 21 nzima kabla ya siku yenyewe. Aliyefika 19 akiwa mzima, na bado ana hamu, atamaliza.

Ukikosa wiki moja kwa homa au safari, endelea pale ambapo programu imefika, usilipe deni. Mwenye homa hakimbii, akapime malaria kwanza. Maumivu ya misuli yaliyotapakaa ni ya kawaida. Maumivu ya sehemu moja juu ya mfupa wa goko, unayoweza kuyagusa kwa ncha ya kidole, na yanayoongezeka kadiri unavyokimbia, simama na umwone daktari. Huenda mfupa umeanza kupata ufa.

Mlima, na zaidi mteremko

Dar ina milima kwa anayeitafuta. Chuo Kikuu pale Mlimani kimekaa juu ya kilima, na barabara zake alfajiri zina hewa nzuri. Alhamisi za mwanzo pasha mwili dakika 15, kisha panda kwa dakika moja mara 6, ukishuka kwa kutembea. Ongeza hadi mara 10. Hatua fupi, mikono ikifanya kazi, macho mita kumi mbele na si kwenye kilele.

Kuanzia wiki ya 6, geuza: panda kwa kutembea haraka, *shuka kwa kukimbia*. Hapa ndipo programu nyingi zinapowaacha watu. Ukishuka, msuli wa paja unakaza huku unarefuka ili kukuzuia usianguke, na kazi hiyo huuchana msuli ndani kwa ndani kuliko kupanda. Mara ya kwanza utashindwa kukaa kwenye kiti kwa siku mbili. Mara ya pili maumivu hupungua sana, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Ndiyo sababu mteremko wa kwanza wa kweli maishani mwako usiwe ule wa Mweka. Shuka kwa hatua fupi na za haraka, magoti yakiwa yamelegea kidogo, bila kujivuta nyuma kwa visigino. Ukiona miguu inapiga kelele "pa! pa! pa!", unayabebesha magoti mshtuko mkubwa. Wiki ya 10 iwe ya mwisho kwa zoezi hili.

Jikoni, wiki ya 1 hadi ya 11

Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwafuatilia wakimbiaji hodari wa Kikalenjini nchini Kenya na kupima kila walichokula. Takriban robo tatu ya nguvu yao ilitoka kwenye wanga: ugali, wali, viazi, mkate, uji, na chai ya maziwa iliyojaa sukari. Sukari peke yake ilichangia kama sehemu moja ya tano. Hakukuwa na unga wa kopo wala kidonge cha ajabu. Ila usikimbilie kuongeza vijiko kwenye chai yako: wale hukimbia zaidi ya kilomita 100 kwa wiki, wewe utakimbia 30 na kidogo halafu ukae ofisini. Chukua kutoka kwao ugali na maharage, sukari waachie.

Kwa hiyo sahani ifuate mguu. Siku ya kupumzika, nusu ya sahani iwe mboga za majani na matunda, robo ugali au wali, robo kitoweo. Siku ya mbio ndefu na jioni yake, ugali uchukue nusu na mboga zirudi robo. Kwa hesabu, mtu wa kilo 60 anahitaji wanga wa gramu 180 hadi 300 siku nyepesi, na 300 hadi 400 siku nzito. Gramu 100 za unga wa mahindi mkavu zina kama 75 za wanga. Mchele mkavu kama 80. Viazi vitamu vilivyochemshwa kama 20. Ndizi mbivu moja ya wastani kama 25. Pima unga wako kwa mizani mara moja tu, ujue bakuli lako linabeba kiasi gani, kisha sahau mizani.

Protini, mtu huyohuyo anahitaji kama gramu 80 hivi kwa siku. Mayai mawili yana 12, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, kipande cha samaki cha gramu 100 zaidi ya 20, na dagaa wakavu gramu 30 tu, yaani konzi moja, karibu 18. Dagaa ndiye mfalme wa hesabu hii: ni rahisi, ana kalsiamu kwa kuwa unamla na mifupa, na ana madini chuma.

Upishi wa dagaa wa mkimbiaji, kwa watu wawili. Chukua konzi mbili, za Kigoma ukimudu, za Mwanza zinafaa pia. Toa vichwa. Osha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, hadi mchanga uishe chini ya bakuli. Hapa usifanye haraka. Chuja, kisha kaanga kwenye kikaango kikavu bila mafuta, moto mdogo, hadi vikauke na kutoa harufu. Weka pembeni. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, kitunguu, kitunguu saumu, nyanya tatu ziive hadi zitengane na mafuta, karoti iliyokwaruzwa, hoho. Rudisha dagaa, nyunyiza maji kidogo, funika dakika tano. Ukizima moto ndipo ukamulie limau nzima. Pika mchicha au matembele pembeni kwa dakika chache, vibaki na rangi.

Limau ile ina kazi. Vitamini C husaidia mwili kufyonza madini chuma ya mboga na maharage, na chai hufanya kinyume: ikinywewa pamoja na chakula inayazuia. Chai isogezwe saa moja baada ya kula. Hili liwahusu hasa wanawake, ambao hupoteza damu kila mwezi na kisha wanashangaa kwa nini programu imefika wiki ya 8 na miguu mizito. Kabla ya kujilaumu kwa uvivu, kapime damu.

Ndani ya saa moja baada ya mbio ndefu, kula wanga na protini kwa pamoja. Viazi vitamu viwili na mayai mawili, au uji wa maziwa na ndizi. Supu na chapati ya kona ya mtaa si mbaya, ila chapati moja badala ya tatu.

Kupunguza uzito na kujiandaa kwa mbio kwa wakati mmoja? Inawezekana wiki sita za kwanza, kwa kuacha soda na vitumbua vya jioni. Baada ya hapo acha. Mwenye njaa huumia.

Ikiwa umefunga

Ramadhani sasa inaigusa Februari. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8, kutegemea mwandamo, kwa hiyo mbio zitaangukia ndani ya mfungo. Mazoezi mepesi yafanye dakika 40 kabla ya magharibi, ufike nyumbani tende ikiwa mezani. Mbio ndefu ziwe usiku, saa mbili baada ya futari nyepesi, sehemu yenye taa na watu. Daku iwe na uji mzito, mayai na maji ya kutosha. Chumvi na pilipili punguza, kiu itakutesa mchana.

Kukimbia kilomita 21 ukiwa umefunga, kwenye jua la Moshi, mimi sishauri. Msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa, lakini hilo muulize shekhe wako, si mwandishi wa mambo ya mbio. Njia nyingine ni kuhamishia programu hii yote kwenye mbio za katikati ya mwaka. Dodoma wana zao Julai, na baridi ya huko mwezi huo inamfaa mkimbiaji kuliko joto la Februari.

Kinywaji

Kwa mbio za chini ya saa moja, maji yanatosha. Zaidi ya hapo, tengeneza hiki: maji safi lita 1, sukari vijiko vikubwa 4 vilivyofutwa juu, si vya kujaa, chumvi robo ya kijiko cha chai, limau 1. Kina kama gramu 50 za wanga. Madafu ni matamu na yana potasiamu nyingi, ila chumvi yake ni ndogo kuliko ile unayoitoa kwa jasho, kwa hiyo yawe ya baada ya mbio, na kitu cha chumvi pembeni.

Kujua unatoa jasho kiasi gani, jipime uzito kabla na baada ya kukimbia saa moja, bila nguo. Kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja. Huhitaji kuirudisha yote njiani. Kunywa kwa kiu. Anayekunywa maji matupu kila kituo, kikombe juu ya kikombe, anaweza kushusha chumvi ya damu hadi kichwa kuuma, kutapika na kuchanganyikiwa, na wapo wakimbiaji duniani waliokufa hivyo.

Siku tatu za mwisho

Alhamisi, geuza jiko. Dona itoke, sembe iingie, au wali mweupe. Maharage, kunde, choroko na kisamvu vipumzike hadi Jumapili mchana. Parachichi, kabichi na maziwa mengi vilevile, kama tumbo lako ni jepesi. Nyuzinyuzi ni rafiki wa moyo, lakini zikikutana na mtikisiko wa saa mbili zinatafuta mlango. Ongeza wanga kwa kupunguza kitoweo na mafuta, na usile zaidi ya kawaida kwa ujumla. Ukipata uzito wa kilo moja usiogope. Wanga ukihifadhiwa kwenye misuli huhifadhiwa pamoja na maji.

Safiri Ijumaa. Basi la Dar hadi Moshi linakula karibu siku nzima, na miguu iliyovimba haitaki kukimbia kesho yake. Pale mabasi yanaposimama, Korogwe au Mombo, utakuta chipsi kuku, mishikaki na kachumbari iliyokaa tangu asubuhi. Pita. Beba viazi vitamu vya kuchemsha, mkate, ndizi, korosho kidogo, na maji yako.

Jumamosi chukua namba yako mapema, tembea kidogo, kula chakula kikubwa mchana na cha jioni kiwe kidogo: wali mweupe, kuku wa kuchemsha bila ngozi, karoti. Ulizia hotelini kifungua kinywa kinaanza saa ngapi. Mara nyingi kinaanza wakati wewe umeshaondoka, kwa hiyo waombe wakujazie chupa ya chai usiku.

Asubuhi na kilomita 21

Saa tatu kabla ya mbio: vipande vinne vya mkate mweupe, kijiko cha asali, ndizi moja, chai. Hiyo ni kama gramu 100 za wanga na inamtosha mtu wa kilo 60. Kitu chochote ambacho hukukila kabla ya mbio zako ndefu za Dar usikile leo, hata kama anayekupa ni bingwa. Paka mafuta ya mgando kwapani, katikati ya mapaja na kwenye chuchu. Diklofenaki na ibuprofeni ziache nyumbani. Zikikutana na upungufu wa maji zinaweza kuumiza figo.

Kwenye mlima fuata pumzi yako, usifuate saa ya mkononi. Kila kilomita itachelewa kwa nusu dakika hadi dakika nzima kuliko kawaida yako, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kutembea dakika moja katika kila kumi ni mbinu halali. Kichomi kikikubana, punguza mwendo, toa pumzi ndefu kwa mdomo. Ukifika dakika ya 40, kula tende kubwa moja au mbili ndogo, rudia kila nusu saa, na unywe maji nayo. Ukigeuka kuanza kushuka utaona watu wanakupita wakiruka. Waache, wengi utawakuta kwenye kilomita ya 17 wakishikilia mapaja.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au kuacha kutoa jasho huku ngozi ikiwa ya moto, hayo yanamaliza mbio hapohapo. Nenda kwa watoa huduma ya kwanza. Mkojo mweusi kama kola baada ya mbio nao ni wa hospitali, siku hiyohiyo.

Mtori wa kumalizia

Uko Uchagani, na Wachaga wana chakula cha kumrudisha mkimbiaji: ndizi kwa wanga, nyama kwa protini, mchuzi kwa maji na chumvi. Uagize mjini, au ukirudi Dar upike. Chemsha nusu kilo ya nyama yenye mifupa na chumvi na kitunguu hadi iive kabisa, saa moja na nusu hivi. Menya ndizi mshare kumi mbichi, zitie kwenye mchuzi uleule, ziive hadi zilainike. Toa mifupa, ponda ndizi kwa mwiko, ongeza mchuzi hadi upate uzito wa uji. Kijiko cha siagi kinatosha. Wanaoweka robo kilo hawakukimbia.

Kwenye basi la kurudi, nyanyuka kila likisimama. Jumatatu na Jumanne tembea tu. Utashuka ngazi kinyumenyume, ni kawaida. Alhamisi kimbia dakika 20, na maharage yarudi jikoni.